Asubuhi Honi ya Masudi Iliponyamaza

Nyie vijana mnaoshika mtarimbo leo pale Lusahunga, mnaopiga picha na kompresa mpya kana kwamba mmeizaa wenyewe, hebu kaeni chini kidogo. Mimi shule niliishia darasa la nne. Kusoma nasoma, kuandika ndiyo huku mnakokuona. Lakini mkamateni dereva yeyote wa zamani wa barabara ya Rusumo mumwulize fundi wa matairi alikuwa nani. Atawatajia mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye anayewaandikia. Sijisifu. Ningekuwa najisifu mngejua.

Niliacha kazi baada ya ringi ya rimu kuruka na kunivunja mkono wa kulia. Mkono ulipona ukapinda, na mkono uliopinda hauwezi kubandua tairi la lori. Basi nimebaki na maneno, na leo nataka kuwaambia habari za asubuhi moja, wakati wa korona, ambapo mtu alikuwa amejifungia ndani ya lori mbele ya macho yetu, na sisi tukiwa nje tunabishana azikwe wapi.

Kwanza niwafundishe kupiga tairi, maana naona siku hizi mnapita na geji tu kama wauguzi wanaopima joto. Tairi hupigwa kwa chuma. Likiwa limejaa, chuma kinarudi mkononi chenyewe na sauti inatoka safi. Likiwa limepungua, chuma kinazama na sauti inakufa palepale. Mzee Nzeyi, aliyenifundisha kazi, alikuja nchi hii kutoka Burundi akiwa mtoto mgongoni kwa mama yake. Alikuwa ananiziba macho na kitambaa, ananizungusha, halafu ananikabidhi chuma. "Piga. Lipi?" Nikikosea ananipiga kofi la kisogoni. "Wewe unasikiliza chuma," anasema, "sikiliza upepo." Baada ya mwaka hakunipiga tena, kwa sababu hapakuwa na sababu.

Haya. Korona ilipokuja, Lusahunga mliyoizoea ilikufa. Nyie mlikuwa wadogo, pengine mnakumbuka ndoo za maji na barakoa. Mimi nakumbuka kimya. Njia panda ile haijawahi kunyamaza tangu niifahamu: malori yanahema, makondakta wanaita, wauza ndizi mbivu wanakimbilia madirisha. Ghafla malori yakawa ya kuhesabu. Yaliyopita hayakusimama, na yaliyosimama hayakufuatwa. Dereva aliyetoka mpakani alitazamwa kama mtu aliyeficha moto mfukoni. Jioni tulikuwa na kawaida ya kukaa wengi kwenye chungu kimoja cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kila mtu na mrija wake, na huku kwetu ukikwepa chungu cha mwenzako maana yake una neno naye. Sasa chungu kikafunikwa, kila mtu akanywea kwake, na hata ambao hatukuwa na neno tukaanza kuonekana tunalo.

Mimi nilikuwa nalala kwenye kibanda changu cha kazi, Jumamosi narudi Nyakisasa kwa familia. Mke wangu Verediana akanipigia simu.

"Baba Amosi, Jumamosi usije."

"Nisije wapi? Nyumbani kwangu?"

"Kwako ndiyo. Lakini mama yako yumo humu, na kifua chake unakijua. Wewe unashinda na madereva."

"Nitalala jikoni."

"Jikoni ndiko anakoota moto. Kaa huko kwanza, baba. Mungu akipenda litapita."

Nyumba ile niliijenga tofali kwa tofali, kwa jasho la matairi, bila hata mjomba wa kunichangia msumari. Ikabidi niitazame kwenye picha alizonitumia mtoto kwa simu.

Sasa nawaambia upweke ulivyo, maana nyie mnadhani ni kukosa watu wa kuongea nao. Upweke unaanzia kwenye asubuhi. Unaamka, unakaa kitandani, unajiuliza ufungue kazi kwa ajili ya nani. Ukichelewa leo, kesho unachelewa zaidi. Keshokutwa unanawa uso saa sita. Mimi siku ya tatu nilijikamata niko na ndevu, nimevaa shati la jana yake, nabishana na kompresa. Nikasema hapana. Mwanamume niliyejitoa kwenye kubeba ndizi kwa baiskeli nisije nikamalizwa na kukaa.

Nikajiwekea kazi. Kila kukicha, mteja awepo asiwepo, nanawa, navaa ovaroli, nafagia uwanja, navuta kamba ya kompresa mpaka iwake. Nina tairi bovu la zamani, nalijaza, nalipiga, naliachia upepo wote, kesho yake nalijaza tena. Watu wakanicheka. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Petro, alisimama ng'ambo ya barabara na barakoa yake ikiwa kidevuni, akasema, "Fundi, unamjazia nani? Unachoma petroli kwa ajili ya majini?"

Nikamjibu, "Majini nao wana magari, Mwenyekiti."

Wakati huo ndipo Masudi alipokwama. Masudi alikuwa dereva wa Morogoro, rika langu, mwembamba, mdomo kama cherehani. Alikuwa anarudi kutoka mpakani akiendesha lori kuukuu, lile la honi ya kamba, unavuta kamba juu ya kichwa na upepo wa lori ndio unaolia. Giaboksi ikamfia mbele ya kibanda changu. Tajiri wake akamwambia kifaa kitatoka Dar es Salaam, asubiri, asiache mzigo. Utingo wake akapanda basi akaenda kwao. Masudi akabaki, na siku ya kwanza tu ikaja amri ya kitongoji: asishuke kuzunguka kijijini, na mtu asimsogelee.

Chakula alipikiwa na Mama Odeta, mwenye mgahawa wa pale kona. Mnamjua, ndizi zake na maharage. Kulikuwa na jiwe ubavuni mwa barabara, kubwa kama kichwa cha mbuzi, juu bapa. Mama Odeta anaweka sahani juu ya jiwe, anarudi nyuma hatua za kutosha, anaita, "Kaka Masudi, karibu!" Masudi anashuka, anachukua, anakula kwenye kabini, anarudisha sahani juu ya jiwe. Mama Odeta anaimwagia maji ya moto kabla hajaigusa. Jiwe lile ndilo lililokuwa linapeana mikono na Masudi badala yetu.

Mimi sikuvunja amri. Lakini matairi si mtu. Hakuna aliyesema matairi yasisogelewe. Kila asubuhi nikishazima kompresa nachukua chuma, nazunguka lori lake, napiga tairi moja baada ya jingine, naanzia mbele upande wa dereva na kumalizia mbele upande wa pili. Nikipiga la mwisho, Masudi ndani ya kabini anavuta kamba mara mbili. Poo! Poo! Hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo na marahaba yetu, ingawa ni rika, na kila siku tulibishana nani anamwamkia nani.

Mchana tunacheza drafti. Yeye ana ubao wake kwenye kabini, mimi nina wangu kibandani, vifuniko vya soda, na tunaitana kwa sauti.

"Fundi! Kete yangu ya pembeni imekula mbili!"

"Imekulaje? Hapa kwangu pembeni huna kete!"

"Basi umeiiba!"

"Nimeiibaje, Masudi, niko mita ngapi?"

"Nyie Wahangaza mnaiba hata kwa macho!"

Kijiji kizima kilikuwa kinasikiliza. Siwafichi, nilikuwa namfunga kila siku. Yeye alisema ananifunga, lakini ubao wake ulikuwa ndani na hakuna shahidi.

Ikafika wakati honi ikaanza kupungua. Poo ikawa puu. Puu ikawa kama mbuzi mwenye kikohozi. Pia sikusikia tena injini yake asubuhi. Zamani alikuwa anaiwasha kidogo, inanguruma, anazima. Nikadhani anabana dizeli. Halafu mchana mmoja nikamwita kwa drafti, akajibu kwa sauti ndogo, "Fundi, leo kichwa." Nikamcheka. Nikasema huyu nimemfunga mpaka anaumwa. Jioni yake sahani ya Mama Odeta ikabaki juu ya jiwe. Kunguru wakaila.

Kesho yake nikaamka, nikanawa, nikafagia, nikawasha kompresa, nikazima, nikachukua chuma. Nikapiga tairi la kwanza mpaka la mwisho. Nikasimama kusubiri.

Kimya.

Nikapiga la mwisho tena, kwa nguvu. "Masudi!" Mapazia ya kabini yalikuwa yamefungwa, milango imefungwa kwa ndani. "Masudi, we!" Kwa mbali nikamsikia Mama Odeta anaacha kuosha vyombo.

Jamani, mimi ringi imewahi kuruka ikapita karibu na sikio. Nimetambaa chini ya lori lenye jeki mbovu. Lakini baridi iliyonipanda mgongoni asubuhi ile, sijawahi kuipata tena.

Watu walikuja. Walisimama mbali, mstari mzima ng'ambo ya barabara, na barakoa zote siku hiyo zilikuwa puani. Mzee Petro alipiga simu zahanati, zahanati wakapiga Biharamulo mjini, jibu likaja kwamba wataalamu wenye mavazi wanakuja, watu wasiguse chochote.

"Wanakuja saa ngapi?" nikauliza.

"Wanakuja," akasema Mwenyekiti.

"Tuvunje kioo."

"Nani avunje? Wewe? Ukishavunja utarudi kulala kwa nani? Utanawa kisima gani?" Hakuwa mtu mbaya. "Fundi, kama amekufa, amekufa. Ukifungua, ugonjwa unatoka."

"Na kama hajafa?"

"Honi je? Wewe mwenyewe si ndiye umezoea honi? Mbona haikujibu?"

Kwa kweli niliamini honi kuliko walivyoiamini wao. Tukasimama pale jua linapanda. Wanaume wawili wakaanza kuulizana mahali pa kuzika. Mmoja akasema kule nyuma, kwenye mawe, hakuna anayelima. Mwingine akasema huyu ni Mwislamu, ataoshwa na nani? Nani atamgusa? Mama Odeta akaketi chini na khanga mdomoni. "Jana hakula," alikuwa anarudia, "jana hakula na mimi nikafunga mgahawa nikalala."

Nilikuwa nimeshika chuma bado. Mkono unapokuwa na hofu unafanya kazi uliyoizoea, basi nikajikuta nimeinama chini ya lori, nimegusa tangi la upepo wa breki. Nikalipiga kidogo, kwa ncha ya chuma. Likalia tupu kama debe. Nikafungua koki ya chini, ile ya kumwagia maji. Lori lenye upepo ukifungua koki hiyo linakupulizia mpaka kofia inaruka. Haikutoka pumzi hata ya kuzimia kibatari.

Nikatoka chini ya lori nimejaa vumbi. Nikasema, "Honi haina upepo!"

"Nini?" akasema Mzee Petro.

"Honi inakula upepo wa lori, na upepo unatengenezwa na injini. Hajawasha injini siku nyingi, betri imemfia. Ndiyo maana ilikuwa inapungua! Hii honi isingelia hata akiivuta mtu mzima na afya zake!"

"Kwa hiyo yuko hai?"

"Sijasema yuko hai. Nimesema hatujamwuliza."

Wakatazamana. Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Fundi naye, hata maiti anataka kuijaza upepo." Wengine wakacheka ule mcheko wa woga. Mimi nilikuwa nimeshakimbia.

Niliunganisha mipira yangu yote miwili ya upepo, nikafunga viungo kwa tyubu iliyokatwa, nikaiburuta kuvuka barabara. Mdomo nikauchomeka kwenye tangi la lori. Nikarudi kibandani nikashika kamba ya kompresa. Sasa sikilizeni hapa, nyie mnaolala mpaka jua liwakaange. Ile mashine ni mbishi. Ikikaa wiki bila kuwashwa unaweza kuvuta kamba mpaka kiganja kitoke ngozi. Siku ile iliwaka kwa mvuto mmoja. Mmoja! Kwa sababu nilikuwa naiwasha kila asubuhi kwa ajili ya majini.

Ikanguruma. Mpira ukakakamaa barabarani kama nyoka aliyeamka. Nikasimama kando ya lori, sikio kwenye tangi, nasikia upepo unaingia taratibu. Tangi la lori si tairi la baiskeli. Unajaza, na breki kuukuu inavujisha, unajaza tena. Geji inapanda kama mzee anayepanda kilima.

Ikafika pa kutosha. Tukasubiri honi.

Haikulia.

Mzee Petro akavua kofia. Akasema polepole, "Fundi, zima mashine. Umejaribu. Zima."

Sikuzima. Nilikuwa natazama pazia la kabini na kujiambia vuta, Masudi, vuta, ndugu yangu. Halafu nikafikiri: atajuaje? Kama yuko ndani anazimia na kuzinduka, amevuta kamba asubuhi nzima haikutoa sauti, atajuaje kwamba sasa ina upepo? Nani amemwambia?

Nikachukua chuma. Nikaanza upya, mbele upande wa dereva. Nikapiga. Nikaenda la pili. Sikuharakisha, nilipiga kama nilivyopiga kila siku, kwa mwendo uleule, ili ajue ni mimi na ajue ni sasa. Nikazunguka nyuma. Kompresa inanguruma. Nikarudi mbele upande wa pili, likabaki tairi la mwisho. Nawaapia, sikutaka kulipiga. Nikishalipiga, hakuna jingine.

Nikapiga.

Kompresa. Kunguru. Mtoto mmoja akakohoa, mama yake akamziba mdomo.

Halafu: Poo.

Moja tu, lakini haikuisha. Ililia, ikaendelea kulia, ndefu, kwa sababu Masudi alikuwa ameinasa kamba kiganjani na hakuwa na nguvu za kuiachia, mkono wake unaning'inia nayo. Kompresa inaleta upepo, honi inaula, inalia Lusahunga nzima mpaka ng'ombe wakakata kamba. Na ule mstari wa watu ng'ambo ya barabara ukavunjika. Sijui nani alianza. Najua Mzee Petro, huyohuyo wa kusema mtu asiguse, ndiye niliyemwona amelinyanyua lile jiwe la sahani kwa mikono miwili, na ndiye aliyelipasua dirisha la kabini. Jiwe likaingia ndani. Nikapitisha mkono nikafungua mlango.

Alikuwa amejikunja kwenye kiti, macho mekundu, anatetemeka mpaka kiti kinalia. Nikaikata kamba kwa kisu. Kimya kikarudi. Akanitazama, midomo imepasuka kwa kiu, akasema kitu. Nikainama nisikie.

"Kwenye mawe," akasema. "Nyie... kwenye mawe mnanizika?"

Alikuwa anasikia kila kitu. Asubuhi nzima alikuwa anavuta kamba na kutusikiliza.

Muuguzi wa zahanati alifika kwa pikipiki kabla ya wale wa mjini, dada mdogo, hakungoja mavazi, alifunga barakoa mbili akapanda kabini. Akampima palepale. Malaria, tena ile ya kupanda kichwani. Akasema mngekaa mpaka jioni mngezika kweli. Gari lilipokuja wakamchukua hospitali Biharamulo, na mimi na Mwenyekiti tukaambiwa tukae peke yetu tuangaliwe, kila mtu kibandani kwake. Tukakaa. Tulicheza drafti kwa kuitana. Mzee Petro hajui drafti kabisa.

Masudi alirudi amekonda mpaka suruali ameifunga kwa kamba ya mzigo. Giaboksi ilikuwa imeshafika. Kabla ya kugusa lori akasema, "Nionyesheni." Hatukujifanya hatuelewi. Tulikwenda naye kule nyuma, kwenye mawe, wote, tukiwa tumeachana nafasi kama tulivyofundishwa. Akapasimamia. Akapima kwa miguu, akalala chali kidogo, akainuka akijipukuta.

"Pafupi," akasema. "Miguu ingebaki nje. Na huu mteremko wa nini, mlitaka niwe nateleza?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakalia. Tukarudi barabarani. Mama Odeta alikuwa amepika, ndizi na maharage na kipande cha nyama juu, kitu ambacho hakuwa anampa mtu bure. Akatoka na sahani kwa kasi, kama kawaida yake, akaenda moja kwa moja mpaka ubavuni mwa barabara, akainama kuiweka.

Jiwe halikuwepo. Lilikuwa bado ndani ya kabini, kati ya vioo.

Akabaki ameinama pale na sahani yake, anaangalia alama ya duara kwenye vumbi. Masudi amesimama hatua chache, mikono ubavuni, hasogei, kwa sababu alikuwa amezoea kutosogea. Mama Odeta akainuka polepole. Akapangusa mkono mmoja kwenye khanga, halafu wa pili, sahani ikihama huku na huku.

"Haya, kaka," akasema. "Lete mikono."

Masudi akaileta.